Boti imepanda winchi tangu Juni, haigusi maji. Mbona zinki imeliwa?

#1 Mwana_Mikindani
Wakuu salaam. Swali hili nimekaa nalo wiki nzima. Mafundi wawili wa hapa Mikindani wamenipa majibu yasiyofanana, sasa nalileta kwenu.

Nina boti ya faiba ya futi 20, injini Yamaha Enduro 40, ile ya kuchanganya oili na petroli. Napeleka wageni wa kuzamia Ghuba ya Mnazi, na wasipokuwepo naingia kwenye mishipi. Kusi, upepo wa kusini, ikichachamaa siifungi majini. Nimejenga winchi yangu ufukweni: nguzo nne za bomba la chuma zimesimama pale maji yanapofika yakijaa, juu mihimili, cheni bloku nne, na mikanda miwili mipana inayopita chini ya tumbo. Boti inaning'inia hewani.

Juni niliipandisha, nikasuuza injini kwa maji baridi, nikafunga zinki mpya (kile kipande cha metali kinachowekwa ili kiliwe badala ya injini) kwenye mguu wa injini, nikafunika turubai, nikaenda Masasi kwenye mikorosho yangu. Nilikuwa narudi mara moja moja kuitazama. Juzi nimeishusha. Ile zinki mpya imeliwa karibu nusu, imebaki na mashimo kama muhogo uliotafunwa na panya. Mguu umetoa unga mweupe na rangi imevimba karibu na propela. Mwaka jana ilikuwa hivi hivi, nikadhani nilisahau kubadilisha.

Ninavyojua mimi, zinki inaliwa ikiwa ndani ya maji. Boti iliyo hewani, nini kinaila? Na ninyi mnaohifadhi vyombo juu, kazi gani mnazifanya chombo kikiwa huko huko?

#2 Fundi_Shangani
Mguu wa injini uliuacha wima au uliunyanyua?

#3 Mwana_Mikindani
Wima. Nilifundishwa uachwe wima ili maji yote yachuruzike, yasibaki ndani.

#4 Fundi_Shangani
Ulifundishwa vizuri. Lakini hapo mguu ndio unaokuwa chini kuliko kitu chochote kwenye hiyo boti. Tumbo unaliona liko juu, unaridhika, kumbe mguu umeshuka chini yake kama urefu wa mkono kuanzia kiwiko. Ulipima kutoka tumboni au kutoka kwenye ncha ya mguu?

#5 Baharia_Sudi
Fundi kanitangulia. Mimi nasema bamvua, yale maji makubwa. Kila mwezi ukiandama, na kila mwezi ukiwa mpevu, maji yanajaa kupita siku nyingine. Na bamvua za Machi na Septemba ni kubwa kuliko zote. Mguu wako unachovya maji siku tatu nne, unatoka, unakaa wiki mbili, unachovya tena. Juni hadi sasa hesabu mwenyewe ni mara ngapi.

#6 Mwana_Mikindani
Mkuu Baharia, nilikuja Agosti katika siku hizo hizo za mwezi mpevu, nikasimama pale kama saa nne asubuhi. Maji yalikuwa mbali kabisa, nguzo zenyewe zilikuwa kwenye mchanga mkavu.

#7 Baharia_Sudi
Saa nne asubuhi! Ndugu yangu, wewe ni mtu wa pwani au wa Masasi? Bamvua pwani hii maji yanajaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kukosea ni kidogo tu. Saa nne asubuhi yamekupwa hadi wenye mwani wanatembea kwa miguu. Ulifika saa ambayo bahari haipo, ukasema bahari haiji.

#8 Bi_Mwani
Baharia kasema kweli, sisi kazi yetu yote inafuata saa hizo. Nipo nasoma, maana na sisi kikundi chetu tuna boti inayoning'inia. Nitakuja na kisa changu.

#9 Kijana_Msangamkuu
Lakini tofauti ya maji kujaa na kupwa Mtwara si kama mita mbili tu? Kama winchi ni ndefu hayafiki.

#10 Baharia_Sudi
Mita mbili ni siku za katikati, maji mafu, yale madogo, hayafiki hata hapo. Bamvua inapita mita tatu. Simama Msangamkuu pale kivuko kinapoegesha, utazame alama za unyevu kwenye mawe.

#11 Fundi_Umeme_Ligula
Wakuu, mimi si wa bahari, ni wa nyaya, lakini ngoja niulize. Betri ilibaki ndani? Kulikuwa na chaja? Kuna mtu amechomelea kitu kwenye zile nguzo? Fundi wa kuchomelea akifunga ethi yake (waya wa kurudishia umeme) mahali pasipostahili, umeme unatafuta njia nyingine, na boti iliyoshikana na chuma ni njia.

#12 Mwana_Mikindani
Betri niliitoa, iko nyumbani. Kuchomelea, ndiyo: Julai mhimili mmoja ulikuwa na ufa, jirani akaleta jenereta akauziba. Lakini boti imekaa kwenye mikanda ya nailoni, haishikani na chuma popote. Isipokuwa ile cheni ya kufuli. Nimefunga injini na nguzo kwa cheni, kwa ajili ya wezi.

#13 Fundi_Umeme_Ligula
Hapo! Cheni ya chuma kutoka injini hadi nguzo. Nguzo imesimama baharini. Sikilizeni.

Zinki kazi yake ni kuliwa badala ya wenzake. Metali mbili tofauti zikiwa kwenye maji chumvi na zimeunganishwa, umeme mdogo unazaliwa, na ile iliyo dhaifu zaidi ndiyo inayokwisha. Kwenye injini zinki inakwisha ili aluminiamu ya mguu isiliwe. Kazi hiyo ni ndogo, mguu ni mdogo. Sasa wewe umemfunga yule mdogo kwa cheni na nguzo nne za bomba zilizo wazi bila rangi ndani ya bahari. Mguu ukigusa maji tu, kipande chako cha zinki kinaanza kulinda jengo zima. Lazima kiishe.

#14 Fundi_Shangani
Hii nimeipenda. Lakini inahitaji mguu uguse maji. Ukiwa hewani mzunguko haupo, hata ukifunga cheni kumi.

#15 Fundi_Umeme_Ligula
Kweli, ndiyo maana sijampinga Baharia. Bamvua inafungua mlango, cheni inaingiza mwizi.

#16 Mzee_wa_Gadi
Amani iwe juu yenu. Mimi mashua zangu hazijui zinki. Chombo kinapandishwa maji yakijaa, yakipwa kinatiwa gadi, magogo ya kuegemeza, huku na huku kisianguke, kinakwanguliwa magamba, kinapitishwa moto wa makuti chini ili wadudu wanaotoboa mbao wafe, mshono uliolegea unatiwa kalafati ya kuuziba, halafu deheni, chokaa na shahamu, tumbo zima. Juu unapaka sifa, mafuta ya papa. Bamvua inayofuata kinaelea. Hayo mambo ya kuning'iniza chombo miezi minne kama nyama buchani sisi hatukuwa nayo.

#17 Kijana_Msangamkuu
Shikamoo mzee. Ile sifa ilivyokuwa inanuka, tulikuwa tunaijua mashua yenu kabla haijapinda rasi.

#18 Mzee_wa_Gadi
Marahaba. Inanuka, na mbao inakaa miaka thelathini. Chagua.

#19 FETA_Mstaafu
Heshima kwako mzee. Nikuongezee na nikupinge kidogo. Mashua kweli haipendi kukaa juu miezi minne, maana mbao inakauka, inasinyaa, mishono inafunguka, na siku ya kuishusha inanywa maji hadi ivimbe tena. Faiba haina shida hiyo, ndiyo maana mwenzetu anaweza kuining'iniza. Lakini kusema mashua haijui kuliwa kwa metali, hapana. Misumari inaliwa. Nimeona msumari uliotolewa kwenye taruma, ubavu wa mashua, umebaki mwembamba kama sindano ya kushonea viatu.

#20 Mzee_wa_Gadi
Huo msumari haukuviringishiwa pamba iliyochovywa mafuta kabla ya kupigwa. Fundi wake alikuwa na haraka.

#21 Mwana_Mikindani
Mzee, asante sana. Hilo la pamba sikuwahi kulisikia.

#22 FETA_Mstaafu
Nirudi kwenye swali la pili la mleta uzi, maana wote mmelikimbilia la zinki. Nilisomea mambo haya hapo hapo Mikindani na nimetunza boti za watu kwa miaka mingi. Chombo kikiwa juu, watu wanadhani kimelala. Hakijalala. Kinakauka pale panapotakiwa kuwa na unyevu, na kinabaki na unyevu pale panapotakiwa kukauka.

Kitu cha kwanza ni kizibo cha tundu la ngama, lile la kutolea maji yanayokusanyika chini ndani ya boti. Boti ikipanda, kizibo kinatoka, kinafungwa kamba kwenye usukani ili siku ya kushusha ukione kabla hujasahau. Tezi (nyuma) ishushwe kidogo kuliko omo (mbele), maji ya mvua yatoke yenyewe. Turubai liwe na upenyo wa hewa huku na huku, la sivyo chini yake panakuwa kama chungu kilichofunikwa na kila waya inaota kijani.

Injini: siku ya kupandisha isuuze kwa maji baridi dakika kumi nzima, si mbili. Tumia yale masikio ya raba yanayobana matundu ya kuvutia maji, au inua pipa lililokatwa ulipachike chini ya mguu. Kamwe usiiwashe kavu, hata kwa kujaribu tu. Impela, kile kipangaboi cha kusukuma maji ya kupoza injini, ni raba, inalainishwa na maji yale yale inayosukuma. Sekunde chache za ukavu zinaiunguza. Na ikikaa miezi bila kuzunguka, mapanga yake yanabaki yamepinda upande mmoja. Ndiyo maana boti nyingi zinazoshushwa Oktoba hazitemi maji, na mwenye boti anadhani tundu limeziba. Mimi nabadilisha impela kila mwaka, sisubiri.

Ukimaliza kusuuza, chomoa mpira wa petroli, iache injini ijizimie yenyewe kabureta iwe tupu. Petroli iliyochanganywa na oili ikikauka mle ndani inaacha utando kama ulimbo.

Halafu oili ya gia. Fungua skrubu ya chini kwanza, kisha ya juu, ichuruzike. Tazama rangi. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia, sili imekwisha, na ukiiacha hivyo miezi minne gia zinashika kutu huku umeketi nyumbani. Mpya inajazwa kutokea chini hadi itokeze juu, hewa isibaki. Plagi zitoe, zipulize, zirudishe na oili kidogo kwenye silinda. Grisi kila chuchu. Kila mwezi zungusha propela kwa mkono, plagi zikiwa zimetolewa, na inua na kushusha injini mara mbili tatu bawaba zisigande.

La winchi yenyewe nawaachia wengine, lakini cheni bloku za ufukweni bila grisi hazimalizi mwaka.

#23 Kijana_Msangamkuu
Nimeihifadhi hii. Asante sana mkuu.

#24 Bi_Mwani
Sasa kisa changu, kinahusu kizibo. Sisi tuko upande wa Lindi. Boti ya kikundi tuliining'iniza kwenye fremu kama ya mwenzetu, vyuma vyembamba kidogo. Mei 2024, zile mvua za kimbunga Hidaya, barabara ya Dar imekatika, hakuna aliyekuwa na akili ya boti. Kizibo kilikuwa kimefungwa. Tulipokwenda kuitazama maji yalikuwa yamejaa ndani hadi kwenye viti, turubai limetumbukia katikati. Mhimili mmoja ulikuwa umepinda kama upinde, mkanda umeingia kwenye tumbo la faiba na kuacha bonde. Kama si mwanamke mmoja wa kikundi aliyekata kamba ya turubai na kuanza kuteka maji kwa ndoo, ingeanguka. Mpaka leo lile bonde lipo, na linavuja.

#25 Fundi_Umeme_Ligula
Poleni sana. Watu hawajui uzito wa maji. Sakafu ya mita 5 kwa mita moja na nusu, maji ya kina cha sentimita 10 tu, hiyo ni kilo 750. Sawa na kupakia boti nyingine ndani ya boti.

#26 Korosho_Nyeupe
Kimbunga Kenneth kilipopiga Mtwara 2019 nasikia hali ilikuwa kama hiyo.

#27 Baharia_Sudi
Kenneth haikupiga Mtwara. Ilitua Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019. Huku tulitahadharishwa, tukapandisha vyombo mpaka chini ya minazi, tukangoja. Tulipata upepo na mvua za pembeni.

#28 Mzee_wa_Gadi
Kilichopiga Lindi ni cha Aprili 1952. Baba yangu alikuwa kijana. Alisema majahazi yalikutwa asubuhi mahali ambapo watu hulima.

#29 Korosho_Nyeupe
Asante kwa masahihisho. Nina wazo kuhusu zinki, msinicheke. Mleta uzi ana mikorosho. Juni hadi Agosti ni msimu wa kupuliza salfa. Mifuko ya salfa ulikuwa unaihifadhi wapi?

#30 Mwana_Mikindani
Mbona umejua? Ilikuwa kwenye kibanda changu pale pale karibu na winchi. Mifuko kama sita kabla sijaipeleka Masasi, mmoja ulikuwa umepasuka.

#31 Korosho_Nyeupe
Basi mimi nasema hiyo nayo ina mkono wake. Salfa ikikaa kwenye unyevu inageuka asidi taratibu. Pampu yangu ya kupulizia, vyuma vyote vimeliwa, na haijawahi kuiona bahari.

#32 Fundi_Umeme_Ligula
Hii inaweza kupimwa. Salfa haiipendi shaba. Funua vichwa vya waya kwenye boti: kama shaba imekuwa nyeusi ti, salfa imefika. Kama ni ya kijani, hiyo ni chumvi tu.

#33 Mwana_Mikindani
Nimetazama leo. Upande wa usukani ni kijani. Nyuma karibu na injini, waya mbili zina weusi. Sijui niseme nini.

#34 Fundi_Shangani
Weusi wa nyuma unaweza kuwa wa joto, nati ikilegea waya inaungua. Usiukimbilie.

Wakuu, kuna jambo hatujauliza. Zinki uliyonunua, ni zinki kweli? Zipo vipande vya aina tatu: zinki kwa maji chumvi, magnesiamu kwa maji baridi ya maziwa na mito, na aluminiamu inayofaa baharini na pale mto unapokutana na bahari. Zote kwa macho ni kipande cheupe. Magnesiamu ukiiingiza baharini inakwisha kama sabuni.

#35 Kijana_Msangamkuu
Mimi nilidhani magnesiamu ndiyo kali zaidi, kwa hiyo ndiyo nzuri kwa bahari.

#36 Fundi_Shangani
Ni kali zaidi, na ndiyo sababu haifai. Ukali wake unafaa maji baridi yasiyopitisha umeme vizuri. Baharini inajimaliza haraka, na inavimbisha rangi ya mguu. Mwana_Mikindani, una mizani? Pima uzito wake, kisha itumbukize kwenye kikombe chenye maji yaliyojaa hadi mdomoni, ukusanye yanayomwagika, uyapime kwa bomba la sindano. Gawanya gramu kwa mililita. Ikija 7, zinki. Karibu 3, aluminiamu. Chini ya 2, magnesiamu.

#37 Mwana_Mikindani
Nimefanya kwa mizani ya duka la jirani. Gramu 180, maji mililita 30. Nimepata 6.

#38 Fundi_Shangani
Ni zinki. Imepungua kwa sababu ya ule unga na vishimo. Kwa hiyo duka halikukuuzia kitu kingine, nimeondoa dhana yangu.

Nina nyingine. Mguu uliupaka rangi gani?

#39 Mwana_Mikindani
Ile nyekundu ya tumbo. Ilibaki kidogo kwenye kopo mwezi Mei, nikaona ni vema na mguu nao usiote magamba.

#40 Fundi_Shangani
Ndugu yangu. Soma kopo. Rangi nyingi za tumbo zina shaba ndani, ndiyo sumu inayozuia magamba. Shaba juu ya aluminiamu, katikati chumvi, unategemea nini? Kila penye mkwaruzo aluminiamu inaoza, na zinki inajaribu kuwaokoa wote. Hapo huhitaji hata bamvua kubwa. Chumvi iliyokauka juu ya mguu inavuta unyevu wa usiku, utando mwembamba unatosha kula chuma pale pale penye rangi.

#41 FETA_Mstaafu
Penye rangi, ndiyo. Lakini zinki iko mbali kidogo na penye rangi, na utando wa umande hauwezi kubeba kazi hiyo hadi kwenye zinki na kuila nusu nzima. Rangi inaeleza ule uvimbe. Haielezi zinki.

#42 Fundi_Shangani
Zinki nayo ilikuwa na chumvi juu yake. Kusi inavuma kutoka baharini miezi minne, inarusha manyunyu usiku na mchana. Mguu haukukauka hata siku moja.

#43 Bi_Mwani
Nawaomba ninyi nyote mnaoshauriana kuhusu rangi. Akienda kuikwangua asiikwangue juu ya maji wala mchangani. Atandike turubai chini, akusanye unga wote, auweke mbali. Sumu inayoua magamba haichagui, inaua na chaza, inadhuru na mwani wetu. Mara kadhaa tumeona watu wanapiga msasa ufukweni na vumbi jekundu linaelea hadi kwenye kamba zetu. Tunaumia.

#44 Mwana_Mikindani
Nimekusikia dada, nitafanya hivyo. Msasa wa maji, vumbi lisiruke, na turubai chini.

#45 Nyasa_Mpaka_Pwani
Kuna mtu hapa Lindi mjini anasema mafuta ya maganda ya korosho yakipakwa kwenye chombo hakuna kinachokula. Ni kweli?

#46 Mzee_wa_Gadi
Kwenye mbao yanasaidia, wadudu hawayapendi. Lakini yanachubua ngozi vibaya. Nimeona mtoto amebabuka mkono wote kwa kuchezea maganda. Kwenye chuma sijui faida yake.

#47 Nyasa_Mpaka_Pwani
Asante mzee. Basi ninyi Mtwara mna mafuta ya bure na mnanunua rangi za makopo.

#48 Baharia_Sudi
Watu wa Lindi mkianza kutufundisha korosho, dunia imefika mwisho.

#49 Bi_Mwani
Lindi tunalima korosho vizuri tu, Baharia. Njoo msimu huu upakie magunia, utaamini mgongoni.

#50 Nahodha_Naumbu
Nimesoma yote. Mnaongea zinki, na mtu anaingia chini ya boti inayoning'inia kuipima. Hilo ndilo lililonileta. Miaka michache iliyopita rafiki yangu alikuwa amelala chali chini ya tumbo anakwangua, cheni bloku moja ikateleza jino. Boti ikashuka upande mmoja, kama shubiri mbili tu. Ilitosha. Mkono wake wa kulia haukunji mpaka leo, na alikuwa fundi wa nyavu.

Cheni bloku ni ya kunyanyulia. Si ya kushikilia mtu akiwa chini. Ukiisha kuipandisha, ingiza gadi kama za mzee wetu, magogo manne imara chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) na mbavuni, ushushe boti kidogo uzito ukae kwenye magogo. Ndipo uingie. Na mikanda ikae penye mataruma au penye ukuta wa ndani, si kwenye tumbo tupu, la sivyo unapata bonde la Bi_Mwani hata bila mvua. Nailoni nayo inaliwa na jua: ikianza kuwa ngumu na kutoa nywele, itupe.

#51 Mwana_Mikindani
Nahodha, asante kutoka moyoni, na pole kwa rafiki yako. Kweli niliingia chini bila gadi. Sitarudia. Kesho natafuta magogo ya mvinje.

#52 Fundi_Umeme_Ligula
Mleta uzi, ukitaka jibu usibadilishe vyote kwa pamoja. Ukiondoa cheni, ukanyanyua boti, ukakwangua rangi na kuhamisha salfa siku moja, zinki ikipona hutajua kilichoiponya.

#53 FETA_Mstaafu
Sikubali. Yeye hafanyi utafiti, ana boti ya kulishia familia. Abadilishe vyote.

#54 Baharia_Sudi
Kuna njia ya katikati. Bamvua inakuja. Paka mguu wote chokaa ya maji, ikauke, uache mpaka maji yapite. Mguu ukichovya, chokaa itatoka hadi mstari fulani, na mstari utakuwa umenyooka.

#55 Mwana_Mikindani
Nimeipenda. Nimeirudisha juu pale pale ilipokuwa, kimo kile kile, na nimepaka leo jioni. Cheni nimeiondoa, nalala kibandani kulinda.

#56 Mwana_Mikindani
Wakuu nimerudi. Bamvua imepita. Alfajiri ya kwanza nilitoka na tochi, maji yalifika karibu sana na ncha ya mguu, lakini giza na mawimbi, sikuweza kuapa kama yaligusa. Chokaa hali yake ni hii: upande wa baharini imetoka yote, kuanzia ncha hadi juu ya propela. Upande wa nchi kavu imebaki, isipokuwa ncha yenyewe kama upana wa vidole viwili. Mstari haujanyooka.

#57 Fundi_Shangani
Manyunyu. Upande wa baharini tu, ni kusi inarusha. Kama ingechovya, chokaa ingetoka pande zote.

#58 Baharia_Sudi
Na vile vidole viwili vya upande wa nchi kavu? Manyunyu yanapinda kona? Ncha ilichovya. Na hii haikuwa bamvua kubwa ya Septemba.

#59 Fundi_Umeme_Ligula
Vidole viwili vya ncha, na zinki iko wapi kwenye mguu huo? Juu ya propela au chini?

#60 Mwana_Mikindani
Juu kidogo ya propela, chini ya lile bamba pana.

#61 FETA_Mstaafu
Basi kwa bamvua hii zinki haikuguswa na maji yaliyojaa. Labda wimbi. Ya Septemba nani anajua.

#62 Korosho_Nyeupe
Mimi bado nasema hamisheni ile salfa.

#63 Mwana_Mikindani
Imeshahamishwa. Kesho naikalisha kwenye magogo, nakwangua mguu. Kuna mtu anajua duka la Mtwara mjini lenye rangi ya mguu isiyo na shaba? Mawili niliyoulizia yote yana ile nyekundu tu.